Duka la muvi Magomeni Mapipa: nilienda kumtafutia baba "yule Mchina", nikarudi na James Hong mzima kwenye flashi

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtauliza. Muvi ya kigeni 500, episodi moja moja za tamthilia anakuhesabia tano kwa 500, unakuja na flashi yako. Mimi nilichukua muvi 25 na episodi 20, jumla nikalipa 14,500, na flashi ya 64GB nilikuwa nimeshainunua Kariakoo. Sasa nawaeleza kwa nini naona hiyo hela ni ndogo mno kwa kazi niliyofanyiwa.

Baba yangu alikuwa dereva wa UDA, ameendesha mabasi ya jiji hili mpaka akastaafu, na tangu mwaka jana mguu unamsumbua hawezi tena kutoka kwenda kijiweni kucheza bao na wenzake, kwa hiyo TV ndo imekuwa baraza lake. Habari anaangalia mara moja tu saa mbili usiku basi. Tamthilia za Kituruki hazimwingii kabisa. Anachotaka ni zile sinema alizoziona kwenye mabanda ya video miaka ya themanini mwishoni na tisini mwanzoni, enzi ambazo huku bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja (ITV imekuja 1994), watu mnajazana kwenye banda la mabati jasho linawatoka, mbele kuna TV ndogo na deki, pembeni mtu anawatafsiria. Lufufu akitafsiri baba anasema ulikuwa unaona kama Chuck Norris mwenyewe kazaliwa Manzese.

Basi kila nikienda kumwona Kigogo ananiambia mwanangu nitafutie yule Mchina. Mchina yupi baba? Yule Mchina aliyemsumbua Chuck Norris, afu akawa mchawi kwenye ile nyingine, afu nimemwona tena juzi kwa jirani ni kibabu lakini ni yeye, mimi siwezi kumsahau. Mimi hapo nitamtafuta vipi? Intaneti ukiandika Mchina mzee wa kwenye sinema unaletewa Jackie Chan na Bruce Lee, wote nikamwonyesha baba kwenye simu, akakasirika kabisa, akaniambia hao ni masteringi mimi nakuuliza habari ya adui.

Na hapo ndo kwenye shida yenyewe. Sisi tumezoea kujua jina la steringi tu. Wengine wote tunawajua kwa sura, "yule", "yule mwenye kipara", "yule mzee wa kwenye ile". Anaingia kwenye sini moja anafanya kazi yake anatoka, kesho unamkuta kwenye sinema nyingine kabisa kavaa nguo nyingine, unamwambia mwenzako huyu tulishamwona, mnabishana, muvi inaisha, jina hamlijui mpaka mnakufa.

Nilianza na duka lingine, sitalitaja. Kijana wa pale hakuniuliza hata swali moja, akaniwekea muvi thelathini za Kichina chap chap, nikalipa nikaondoka. Nafika nyumbani kwa baba, flashi imejaa virusi, mafolda yote yamegeuka shotikati, na zile chache zilizokubali kufunguka moja ilirekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema, kichwa cha mtu kinapita mbele ya picha. Baba akaangalia dakika mbili akazima mwenyewe. Hakusema kitu ila niliumia sana siku ile, maana alikuwa kanisubiri tangu asubuhi na shati kavaa jipya.

Ndo rafiki yangu ninayefanya naye kazi akanielekeza huyu kaka wa Mapipa. Ukishuka kwenye mwendokasi kituo cha Magomeni Mapipa, vuka barabara ingia mtaani, siyo mbali, ulizia kaka wa muvi utaonyeshwa na mtu yeyote mana hana hata bango. Chumba chenyewe kidogo, watu watatu mkisimama pale kaunta wa nne anakaa nje, kuna kompyuta moja, eksteno (diski za kuhifadhia muvi) zimepangwa kama matofali kila moja imebandikwa plasta nyeupe imeandikwa kwa kalamu, feni, na benchi. Ukutani posta za zamani zimepauka na jua mpaka Rambo kawa wa bluu.

Nikamsalimia nikamweleza kama baba alivyonieleza mimi. Nilitegemea atacheka, wengi walicheka. Huyu akaacha kuchapa, akaniuliza, "Dada, huyo Mchina sauti yake nyembamba inakwaruza au nzito?" Nikasema sijui. "Akikasirika anapiga kelele au anakodoa macho?" Nikampigia baba simu nikaweka laudispika. Kaka akamwamkia vizuri shikamoo mzee wangu, akamuuliza yale yale, na baba akajibu kwa furaha utafikiri anahojiwa redioni: sauti ya kukwaruza, macho yanaongea kabla ya mdomo, na akiwa mchawi ana kucha ndefu, mara kibabu kwenye kiti cha magurudumu mara jitu refu limevaa majoho. Kaka akacheka kwa raha, akasema, "Mzee wangu huyo ni Lo Pan! Huyo ni James Hong, ninaye huyo."

Afu akatoa daftari. Hili daftari ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Ni kauntabuku nene la kwaya nne, jalada limeshikwa na solatepu, na ndani hajaandika muvi kwa majina wala kwa herufi, kaandika watu. Kila mtu kurasa zake. Na siyo masteringi, masteringi anasema hao hawahitaji daftari. Ni wale wa pembeni. Mmoja kaandikwa "Mzungu wa kovu, askari jela", mwingine "mama mnene jirani", chini yake jina halisi akishalipata kwa kusoma majina yanayopita mwisho wa muvi, kisha orodha ya kila alipomwona, na dakika. Dakika kabisa! James Hong ana kurasa tano mbele na nyuma, peni za rangi tofauti kwa sababu ameandika kwa miaka. Nikamuuliza nani alikutuma kufanya hivi akasema hakuna, wazee wengi wanakuja na swali kama la baba yako, nikaona nianze kuweka kumbukumbu.

Sasa kuhusu mwenyewe James Hong, maana nimerudi nyumbani nikamsoma usiku mzima. Kwanza siyo Mchina wa China, kazaliwa Minneapolis, Marekani, tarehe 22 Februari 1929, wazazi ndo wenye asili ya China, utotoni akapelekwa Hong Kong kidogo kisha akarudi. Na alikuwa injinia! Kasomea uhandisi wa ujenzi chuo kikuu, ameajiriwa idara ya barabara Los Angeles, kazi ya heshima ambayo mzazi yeyote hapa Dar angepika pilau kusherehekea. Lakini moyo uko kwenye kuigiza. Mwaka 1954 akatokea kwenye kipindi cha televisheni cha Groucho Marx, akaigiza sauti za mastaa wa wakati ule, watu wakampenda, milango ikaanza kufunguka. Mwaka uliofuata yumo kwenye sinema ya Clark Gable.

Mwaka 1957 akapata tamthilia ya Charlie Chan, mpelelezi wa Kichina, yeye akawa mtoto wa kwanza wa huyo mpelelezi. Na baba mtu, yaani Mchina mwenyewe Charlie Chan, kachezwa na Mzungu, J. Carrol Naish. Nilisoma hapo mara mbili. Mtoto Mchina kweli, baba Mzungu kajifanya Mchina, na hiyo ndo ilikuwa kawaida, uhusika mkubwa wa Mwasia anapewa Mzungu anabadilishwa macho kwa plasta, Waasia wenyewe wanapewa dobi, mpishi, jasusi, mwanajeshi adui. Fikiria mtu anaigiza tamthilia ya mama ntilie wa Tandale afu anatafutwa mtu kutoka Norway apakwe rangi.

Yeye hakukaa kulalamika tu. 1965 yeye na waigizaji wenzake akina Mako wakaanzisha kundi la maigizo la East West Players kule Los Angeles ili Waasia wapate pa kucheza uhusika wa maana, na hilo kundi lipo mpaka leo. Huku anaendelea kuchukua kile kidogo anachopewa kwenye TV. Hawaii Five-O alipita. Kung Fu ya David Carradine, ile ya kuanzia 1972, kapita zaidi ya mara moja. MacGyver yumo. The X-Files yumo. Friends yumo, anamfundisha ngumi yule tajiri. Ukijumlisha sinema, tamthilia, katuni na michezo ya kompyuta inazidi mara 600. Mia sita! Mimi nikaweka simu chini nikawaza, mtu aende kazini mara 600, na kila akienda anakuwa mtu mwingine, siku moja mbili, kisha anaanza tena kutafuta.

Turudi kwenye duka. Kaka hakunijazia tu flashi. Akaniuliza TV ya mzee ni ya aina gani na ya mwaka gani, nikamwonyesha picha kwenye simu ya upande wa nyuma ya TV. Akasema hii haitasoma zile muvi mpya zilizobanwa kwa HEVC, ile namna mpya ya kubana video, utasikia sauti tu picha nyeusi, akanichagulia za H.264 zote, yaani namna ya zamani. Flashi akaisafisha virusi kwanza, akaifomati FAT32 ndo inayosomwa na TV za zamani na ving'amuzi, akanieleza kwamba FAT32 haipokei faili linalozidi 4GB kwa hiyo mbili zilizokuwa kubwa akazipunguza mwenyewe. Halafu zile zilizotafsiriwa Kiswahili akaziweka folda lake, zisizotafsiriwa folda lake, na kila faili kaliandika kwa namna baba atakavyolijua: "LO PAN MCHAWI", "JENERALI WA CHUCK NORRIS", "FUNDI MACHO", "MPOKEA WAGENI HOTELINI". Yaani baba akibonyeza rimoti anajua anaenda wapi. Nilipoona hivyo nilishindwa kuongea.

Jumapili tukakaa na baba. Tulianza na ya jenerali, Missing in Action ya 1984, James Hong ni Jenerali Tran. Alipotokea tu baba akapiga paja, "Huyo! Nimekwambia huyo!" Kisha Big Trouble in Little China ya 1986, hiyo ya John Carpenter, steringi Kurt Russell. Kule kwao Marekani ilipotoka haikuingiza hela kabisa, watu wakaja kuipenda baadaye kwenye kanda za video, na kanda za video ndo zilizofika Kigogo, kwa hiyo baba na Wamarekani waliipenda kwa njia moja. Lo Pan ni mchawi mwenye laana ya miaka elfu mbili, anatafuta binti mwenye macho ya kijani amuoe ili laana imtoke. Muda mwingine ni kizee kimekunjamana kwenye kiti, sauti ya kuomba huruma, muda mwingine ni lile jitu refu linaelea na mdomo unatoa mwanga. Wote wawili ni yeye. Baba akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba kwenye banda watoto walikuwa wanaliogopa lile jitu lakini watu wazima walikuwa wanakiogopa kile kizee, kwa sababu kizee unaweza kukihurumia.

Ila mimi iliyonikaa ni fundi macho. Blade Runner, 1982. Sini yenyewe fupi. James Hong anaitwa Chew, anatengeneza macho ya watu bandia, yuko kwenye chumba cha baridi kama friza la bucha, amevaa koti kubwa la manyoya lenye mipira ya kuleta joto, yuko peke yake anaongea na kazi yake kwa mapenzi kabisa kama fundi saa wa mtaa wa Samora. Wanaingia wawili kati ya hao watu bandia, mmoja anaingiza mkono kwenye maji ya baridi bila kuumia, anaichomoa ile mipira, na mzee anaanza kutetemeka. Angalia uso wake pale. Kwanza anakasirika kwamba wamemwingilia ofisini. Kisha anamtambua aliyesimama mbele yake, anaona ni macho aliyoyatengeneza yeye, na kwa sekunde moja hivi katikati ya hofu anafurahi, fundi kaiona kazi yake. Nikarudisha nyuma mara tatu. Muvi nzima Harrison Ford ndo jina kwenye kava, lakini kwangu mimi muvi ni ule uso.

Mpokea wageni hotelini nayo ni episodi ya Seinfeld ya Mei 1991, ya mgahawa wa Kichina. Watu wanasubiri meza episodi nzima na meza haipatikani. Yeye ndo kasimama mlangoni na kitabu chake, kila wakimfuata anawaambia dakika tano, kumi, hanyanyui hata kichwa sawasawa. Mtu anapigiwa simu pale mgahawani, jina lake Costanza, yeye anaita Cartwright, mwenye simu anakaa hapo hapo haitiki kwa sababu siyo jina lake. Baba haelewi Kiingereza na ile haijatafsiriwa lakini alicheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu ile sura ya mtu wa dirishani anayekwambia subiri kidogo, baba anaijua miaka yote tangu akifuatilia mafao yake. Kinachonishangaza James Hong hakumfanya yule mtu kuwa mbaya. Amemfanya mtu mwenye kazi nyingi. Unamchukia na unamwelewa pamoja.

Hapa kwetu watu wa aina hii tunao na tunawachukulia poa. Mzee Jengua enzi za kundi la maigizo la Kaole, akiingia tu sebuleni na ule ukali wa kibaba kila mtu nyumbani anakaa sawa, hata sisi tuliokuwa tunaangalia. Bi Hindu vilevile. Waulize vijana wa leo jina la steringi wa michezo ile hawakumbuki vizuri, lakini Jengua wanamkumbuka. Kaka wa muvi nao anao kwenye daftari, na Bongo muvi haingizi kwenye flashi ya mtu, kama anayo diski halali anakuuzia diski yenyewe, hana anakwambia hana. Nilimheshimu kwa hilo. Nikamuuliza na hawa wa nje je, wao hawastahili jasho lao? Akanyamaza kidogo akasema dada hilo ni kweli na halijanipa usingizi mzuri, zile za zamani hapa hazipatikani dukani wala popote pa kulipia kwa shilingi. Sikuwa na jibu na mpaka sasa sina, ila nimeliandika kwa sababu lilikuwa mezani, na James Hong ni mtu aliyelipwa kidogo kidogo kwa sini moja moja maisha yake yote.

Na kasoro zipo, nisizifiche. Alinambia njoo kesho jioni, nikaja, hajamaliza, umeme ulikatika na kazi ikawa haijafika hata nusu, nikarudi tena siku ya tatu, nauli ya mwendokasi hiyo imetoka mfukoni kwangu. Hana jenereta. Jumamosi usiende, vijana wanaofuata sizoni mpya wanajaa mpaka barabarani na yeye mmoja hawezi kukuhudumia kwa utulivu. Muvi moja alinipa mara mbili kwa majina tofauti, nilipomrudishia akanipa mbili badala ya moja bila maneno. Na tafsiri nyingine sauti ya mtafsiri imefunika kabisa sauti ya waigizaji, ambayo kwa mtu kama James Hong ni hasara kubwa maana nusu ya kazi yake iko kooni. Hilo siyo kosa la duka lakini muulize akuchezeshee kidogo kabla hujalipa, anakubali.

Sasa nisikie kilichotokea Jumapili ya pili. Mtoto wa dada yangu ana miaka saba, alikuja kwa babu yake, akakuta flashi kwenye TV akataka katuni. Kaka alikuwa ameniwekea Kung Fu Panda ya 2008 na mimi sikuwa nimeangalia sana kwa nini. Tukaweka. Yule bata bukini baba wa panda, Bwana Ping mwenye mgahawa wa tambi, akafungua mdomo kuongea, baba alikuwa amesinzia kwenye kochi, akafumbua macho. Akasema, "Huyo ni Lo Pan." Nikasema baba hiyo ni katuni. "Sauti hiyo ni ya Lo Pan, mimi niulize." Nikasoma majina mwishoni, na kweli ni James Hong. Mtoto akamwangalia babu yake kama vile ana uchawi. Ikabidi babu amsimulie, kwamba huyu bata alishakuwa jenerali, alishakuwa mchawi, alishakuwa fundi wa macho, na mtoto anauliza wote ni mtu mmoja babu? Wote mtu mmoja. Tukarudia pale bata anapomwambia mwanawe kwamba kwenye supu yake ya siri hakuna siri yoyote, na mimi nikaona baba anafuta jicho kwa kona ya msuli. Kung Fu Panda ya nne ya 2024 sauti yake imo, na ilipotoka alikuwa na miaka 95.

Miaka yote hiyo Hollywood hawakumpa nyota kwenye ile njia yao yenye majina ya mastaa chini, Walk of Fame. Ile nyota inalipiwa maelfu ya dola, na kwa kawaida kampuni za sinema ndo zinalipa kwa ajili ya masteringi wao. Yeye nani amlipie? Mwaka 2020 mwigizaji mwenzake Daniel Dae Kim akaanzisha mchango mtandaoni, watu wa kawaida wakachanga kama sisi tunavyochangiana harusi, hela ikatimia ndani ya siku chache tu. Tarehe 10 Mei 2022 akaizindua nyota yake akiwa na miaka 93. Mwaka huo huo akatoka kwenye Everything Everywhere All at Once, yeye ndo babu kwenye kiti cha magurudumu, na sinema hiyo ikabeba Oscar saba. Kwenye tuzo za chama cha waigizaji mapema 2023 kikosi kizima kiliposhinda, yeye akapewa maiki, akawakumbusha wote pale ukumbini zile enzi za macho ya plasta, na wenzake wote wamesimama nyuma yake wanamsikiliza. Hiyo hotuba kaka aliniwekea bila kunihesabia.

Kwa hiyo mkitaka kwenda, nendeni katikati ya wiki kuanzia saa nne asubuhi, bebeni flashi tupu, piga picha nyuma ya TV yenu, na kama mnamtafuta mtu na jina lake hamlijui msione haya, elezeni sauti, elezeni anavyotembea, au mpigieni simu mzee wenu aeleze mwenyewe. Mimi nilirudi juzi Jumatano. Baba kanituma tena. Anasema kwenye ile muvi ya Lo Pan, katika wale wapiganaji wake, kuna mmoja kipara mbele nywele ndefu nyuma masharubu yameshuka mpaka kidevuni, na huyo huyo kwenye Die Hard ndo aliyeiba chokoleti kaunta wakati wenzake wanasubiri polisi, na kwenye nyingine alimpiga steringi shoti ya umeme. Nilivyofika kwenye masharubu kaka alikuwa ameshalilamba dole gumba anafunua daftari. "Al Leong," akasema, "kurasa mbili. Mzee anataka zote?"